Kijiji cha Bihar: idadi ya watu kwenye sensa na usafiri halisi. Takwimu hizi zisomwe vipi?

MsomaJedwali ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naandaa ripoti ya upatikanaji wa usafiri katika kijiji kimoja cha wilaya ya Supaul, jimbo la Bihar, India, upande wa mto Kosi. Nina majedwali mawili ya Sensa ya 2011: lile la idadi ya watu na lile la huduma za kijiji. Nimekwama sehemu nne.

Kwanza, idadi ya 2011 imeshazeeka. Naweza kuitumia hivyohivyo? Pili, kwenye jedwali la huduma kuna namba 1 na 2, na herufi a, b na c. Kijiji changu kina 1 kwenye barabara ya lami lakini basi kina 2, kisha b. Tatu, picha za setilaiti zinaonyesha vitongoji vitatu vilivyoachana, kimoja kiko ng'ambo ya kijito. Nakihesabu kijiji kuwa kimefikiwa na barabara au la? Nne, nahitaji namna ya kupima usafiri wenyewe, yaani mtu kutoka na kurudi.

Natanguliza shukrani.

---

Takwimu_Kwanza amejibu:

Mkuu, kabla ya yote hakikisha unaangalia kijiji kile kile katika majedwali yote mawili. Majina hayaaminiki, vijiji viitwavyo Rampur vimejaa wilaya nzima. Tumia msimbo wa kijiji wa 2011 wenye tarakimu 6. Misimbo ya Sensa ya 2001 ni tofauti, kwa hiyo kulinganisha miaka hiyo miwili kunahitaji jedwali la kuioanisha, na ukikuta idadi imeruka ghafla shuku kwanza kwamba mipaka ilibadilishwa.

"Kijiji" cha sensa ni mauza, eneo la kumbukumbu za ardhi lenye mipaka iliyopimwa. Ndani yake wanaweza kuishi watu kwenye vitongoji vingi (Bihar huitwa tola), au asiishi mtu kabisa. Hizo zisizo na watu huandikwa bechiragi. Mwaka 2011 India ilikuwa na vijiji zaidi ya 640,000 kwenye orodha, na vyenye watu vilikuwa karibu 597,000. Kwa hiyo namba ya watu uliyo nayo ni ya mauza nzima. Sensa haikupi mgawanyo wa vitongoji, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Safu za kuangalia: No_HH ni kaya, TOT_P ni watu wote, P_06 ni watoto wa miaka 0 hadi 6. Ukitafuta kiwango cha kusoma na kuandika gawa wanaojua kusoma kwa watu wa miaka 7 na kuendelea, yaani TOT_P ukitoa P_06. Wengi hugawa kwa TOT_P na kushusha asilimia bila sababu. Mfanyakazi "mkuu" ni aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi kwa mwaka. Wa "pembeni" ni chini ya hapo. Kwa usafiri safu ya wafanyakazi wa pembeni ina maana kubwa, kwani ndio wanaotafuta vibarua nje msimu wa shamba ukiisha.

Angalia pia uwiano wa jinsia. Wastani wa India 2011 ulikuwa wanawake 943 kwa kila wanaume 1,000. Kijiji cha kaskazini mwa Bihar kikionyesha zaidi ya 1,000, usikimbilie kudhani ni kosa. Hesabu ilifanyika 9 hadi 28 Februari 2011, na aliyekuwa nje ya nyumbani kipindi chote hicho hakuhesabiwa pale. Wanaume walioko Punjab, Delhi au Mumbai kwa kazi wanatoweka kwenye safu, halafu wanarudi kwa wingi wakati wa sikukuu ya Chhath, kati ya Oktoba na Novemba, na ile ya Holi. Siku hizo mahitaji ya usafiri hayafanani kabisa na TOT_P.

Kuhusu umri wa takwimu: sensa iliyotakiwa kufanyika 2021 iliahirishwa, na tarehe ya rejea ya inayofuata ni 1 Machi 2027 kwa sehemu kubwa ya nchi. Andika idadi ya 2011 kama ilivyo pamoja na mwaka wake, kisha weka makadirio ya juu pembeni. Bihar ilikuwa na watu 104,099,452 mwaka 2011. Uchunguzi wa matabaka ya kuzaliwa (caste) uliotangazwa na serikali ya jimbo tarehe 2 Oktoba 2023 ulipata 130,725,310, wakiwemo wanaoishi nje ya jimbo kwa muda. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 25.6. Kijiji cha watu 1,480 kikipandishwa hivyo kinafika kama 1,860. Uchukue huo kuwa ukomo wa juu, maana wasafiri wa mbali wamo humo na kijiji kimoja hakilazimiki kukua kwa kasi ya jimbo. Kilichomomonyolewa na mto kinaweza hata kupungua.

Sasa herufi. 1 ni huduma ipo kijijini, 2 haipo. Ikiwa haipo, a ni chini ya km 5, b ni km 5 hadi 10, c ni km 10 na zaidi. Kijiji chenye basi umbali wa km 5.2 na chenye basi umbali wa km 9.8 vyote vinapata b, na kwa mtembea kwa miguu hiyo tofauti ni kama saa nzima. Usigeuze b kuwa "km 7.5" kisha ukapiga wastani. Pima mwenyewe kwenye ramani, kwa kufuata njia.

---

Kalavati amejibu:

Niingie kwenye barabara, maana hapo ndipo ripoti nyingi zinapokosea.

Mpango mkubwa wa barabara za vijijini India ni Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, PMGSY, ulioanza 25 Desemba 2000. Kipimo chake ni kitongoji, si mauza. Maeneo ya tambarare kiwango kilikuwa watu 500 na zaidi kwa Sensa ya 2001. Milimani, jangwani na maeneo ya makabila 250. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024, inatumia Sensa ya 2011 na inalenga vitongoji 25,000 na km 62,500 za barabara. Kitongoji huhesabiwa hakijaunganishwa kikiwa zaidi ya mita 500 kutoka barabara ya misimu yote (milimani ni km 1.5 za njia).

Chukua mauza ya kufikirika ya watu 1,480 yenye vitongoji vya watu 820, 430 na 230. Kwa mauza, kimepita kiwango mara tatu karibu. Kwa vitongoji, ni hicho cha 820 peke yake. Lakini masharti yanaruhusu vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 kujumlishwa, kwa hiyo kama cha 430 na cha 230 viko karibu hivyo, vinakuwa 660 na vinastahili. Vikitenganishwa na kijito na njia ikazunguka, mambo yanabadilika. Bihar ina mpango wake, Mukhyamantri Gram Sampark Yojana wa 2013, kwa vitongoji vya watu 250 hadi 499, nao ungechukua kile cha 430. Cha 230 kinabaki nje ya mipango yote miwili. Ndiyo maana ukiona kitongoji kimeachwa, tafuta kwanza namba yake ya watu na umbali wake na jirani.

Namba hizo za vitongoji zisichukuliwe kwa imani. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad, waliotumia viwango vya 500 na 1,000 kupima athari za PMGSY, walitegemea idadi ya sensa badala ya ile iliyoripotiwa kwenye mpango, kwa sababu iliyoripotiwa ilirundikana mno juu tu ya viwango. Na matokeo yao ya 2020 yanafaa kuwekwa kwenye ripoti yako: athari kubwa ya barabara ilikuwa watu kutoka kwenye kazi za shamba kwenda kazi nyingine, huku mazao, kipato na mali za kaya vikibadilika kidogo tu. Barabara ilihamisha kazi za watu, si mavuno.

Halafu neno "misimu yote". Katika masharti ya PMGSY maana yake ni barabara inayopitika mwaka mzima, yenye makalavati (mapito ya maji chini ya barabara), madaraja madogo au drifti (sakafu ngumu ambapo maji huvuka juu ya barabara) za kutosha kupitisha maji. Haimaanishi lazima iwe na lami. Kinyume chake nacho kipo: kipande chenye lami nzuri kilichokatika kwenye kalavati moja si cha misimu yote, hata kama jedwali la sensa limeandika 1. Kwa ukanda wa Kosi kagua haya:

- Maji yanavuka barabara wapi, na kila mahali pana tundu la kupitisha? Mafuriko ya pale husambaa kwa upana kwenye tambarare. Tuta lenye kalavati moja kwa mita mia kadhaa linageuka bwawa, maji yanapanda upande mmoja kisha yanalila tuta ukingoni mwa kalavati. Kalavati lenyewe linabaki limesimama, barabara imeondoka pande zote mbili.
- Mchanga. Kosi hubeba mashapo mengi mno. Bomba lililowekwa chini linaziba msimu mmoja au miwili lisipozolewa.
- Upana. Lami ya kawaida ni mita 3.75, na hushushwa kuwa 3.0 pale magari hayafiki 100 kwa siku. Magari mawili makubwa hayapishani juu ya lami, lazima moja lishuke begani, yaani ukingo usio na lami. Bega la mchanga likilowa gurudumu linazama, na wenye mabasi wanaacha kuja hata kama lami haina shimo.
- Umri. Mkandarasi wa PMGSY anawajibika kwa matengenezo miaka 5 baada ya kukamilisha. Baada ya hapo ni mzigo wa jimbo, na mara nyingi hapo ndipo mashimo huanza kuachwa. Tarehe ya kukamilika ipo kwenye bango la barabara na kwenye mfumo wa mtandaoni wa mpango, OMMAS. Ramani zake zimewekwa wazi kwa umma tangu 2022.

Vichochoro vya matofali yaliyopangwa ndani ya vitongoji usivihesabu kama barabara ya gari. Vinafaa miguu, baiskeli na pikipiki.

---

MsomaJedwali:

Asanteni sana wakuu, hii imenifungua macho. Maswali mawili: watu wa kila kitongoji nawapataje kama sensa haitoi? Na Benki ya Dunia wana kipimo cha km 2 kutoka mtu anapoishi hadi barabara ya misimu yote. Nitumie hicho au mita 500?

---

Takwimu_Kwanza:

Vyanzo vya kitongoji vipo. Daftari la kaya la mhudumu wa afya ya jamii, ASHA, ambaye kwa kawaida ana watu kama 1,000, ndilo bora. La pili ni la kituo cha anganwadi (cha watoto wadogo na kina mama), ambacho kimepangiwa watu 400 hadi 800. Daftari la wapiga kura limegawanywa vizuri lakini lina wa miaka 18 na kuendelea tu. Kuhesabu mapaa kwenye setilaiti ni njia ya mwisho: zidisha idadi ya mapaa kwa wastani wa watu kwa kaya (TOT_P gawa kwa No_HH) wa kijiji chako, na uondoe mabanda ya ng'ombe na vibanda vya pampu, la sivyo utazidisha watu sana.

Kuhusu kipimo, weka vyote viwili. Km 2 ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa mtu mzima mwenye afya na mikono mitupu. Katika mfano wa Kalavati, kwa km 2 kijiji chote kinaweza kuwa asilimia 100. Kwa mita 500, ikiwa barabara imefika kile cha 820 tu, ni 820 kati ya 1,480, sawa na asilimia 55. Kisha rudia hesabu kwa Julai hadi Septemba ukitoa barabara zinazozama. Namba ya tatu ndiyo itakayomwambia msomaji wako jambo ambalo hakulijua.

---

Stendi_Kuu amejibu:

Swali la nne halijaguswa, nalo ni zito kuliko yote. Barabara ikishafika, nani anapita juu yake?

Maeneo kama hayo gari la kawaida ni jipu la abiria, bajaji, na siku hizi bajaji za umeme. Nyingi haziendi kwa ratiba; zinaondoka zikijaa. Hesabu yake ni rahisi na inaeleza mambo mengi. Jipu la viti 10, abiria wanafika 12 kwa saa: linajaa kwa takriban dakika 50. Wa kwanza amengoja 50, wa mwisho hakungoja, wastani ni 25 hivi. Mchana abiria wakishuka hadi 4 kwa saa, kujaza kunachukua saa mbili na nusu. Dereva hangoji, anahamia njia nyingine, na hao wanne hawana gari kabisa. Kwa hiyo usafiri haupungui polepole kadiri watu wanavyopungua, unakatika. Hapo ndipo idadi ya watu na usafiri vinapokutana: kitongoji cha watu 230 peke yake hakijazi jipu, lakini kikiwa kwenye njia inayokusanya abiria wa vitongoji vitano vinavyofuatana kinapata gari kila asubuhi. Angalia nafasi yake kwenye njia kabla ya ukubwa wake.

Namna ya kupima: kaa kwenye njia panda ambapo gari linakwenda makao ya bloku (mgawanyo wa utawala chini ya wilaya), saa 11 alfajiri hadi saa 2 usiku. Fanya siku ya gulio, siku ya kawaida na Jumapili. Rudia msimu wa monsuni. Kila gari andika aina, saa ya kufika, saa ya kuondoka, abiria waliopanda, waliokaa nje au juu, nauli, na linakoishia. Usiulize madereva "yanapita magari mangapi" ukaandika jibu. Watakutajia siku nzuri.

Kisha usitafute wastani wa magari kwa siku. Tafuta dirisha: gari la kwanza linafika mjini saa ngapi, na la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Zahanati inayoandikisha wagonjwa asubuhi tu, na gari linalofika saa 4:30 na la mwisho kurudi saa 7:00 mchana, mgonjwa ana saa mbili na nusu za foleni, daktari na dawa. Magari sita kwa siku yaliyorundikana asubuhi yanaweza kuwa na faida ndogo kuliko mawili yaliyopangika. Fanya dirisha hilo kwa shughuli nne tofauti: hospitali, sekondari, soko, na ofisi ya bloku.

Gawanya pia kwa jinsia na umri. Wanaume hudandia pikipiki za wengine. Wanawake na wazee mara nyingi hawana njia hiyo, na msichana wa sekondari anategemea baiskeli au gari lenye kukaa vizuri. Bihar ilianza kutoa baiskeli kwa wasichana wa darasa la 9 mwaka 2006, na utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash ulikuta uandikishaji wa wasichana wa umri huo sekondari uliongezeka kwa asilimia 32. Wilaya yenye vijiji vilivyo mbali na sekondari inapaswa kulisoma hilo kama jambo la usafiri kabisa.

Mambo yanayovuruga vipimo. Msimu wa harusi majipu yanakodiwa na njia inakauka. Wakati wa uchaguzi serikali huchukua magari kwa sheria, na njia zinabaki tupu siku kadhaa. Pia leseni: chini ya Sheria ya Magari ya 1988, gari la kuokota abiria njiani na gari la kukodiwa zima zina leseni tofauti. Majipu mengi ya vijijini yana ya pili yakifanya kazi ya kwanza, hivyo ukaguzi ukipita yanajificha. Pima wiki ya namna hiyo na utaandika kwamba kijiji hakina usafiri.

Bajaji za umeme ziweke peke yake kwenye jedwali. Kisheria ni abiria 4 na mwendo usiozidi km 25 kwa saa. Kwa lami ya km 6 zinafaa sana. Kwenye mchanga au matofali yaliyotitia betri inaisha mapema na dereva anakataa safari ya jioni, kwa sababu akikwama hana pa kuchajia.

Ukitaka upande wa sera, Bihar ina Mukhyamantri Gram Parivahan Yojana tangu 2018: ruzuku ya nusu ya bei ya gari la viti 4 hadi 10, isiyozidi rupia 100,000, kwa watu wa matabaka na makabila yaliyotengwa na wa matabaka ya nyuma sana, kwa mgao wa kila panchayat (baraza la kijiji). Linganisha magari yaliyosajiliwa kwa panchayat yako na yale uliyoyaona barabarani. Baadhi huhamia mjini ambako abiria ni wengi.

---

Mtumbwi amejibu:

Nyongeza moja kubwa kwa Supaul: kijiji kiko ndani au nje ya matuta ya Kosi? Matuta hayo yalijengwa kuanzia miaka ya 1950, na vijiji vingi vilibaki katikati yake, upande wa mto. Kwa vile vya ndani kila mfumo uliotajwa hapo juu unabadilika. Daraja kubwa la barabara la Kosi lilifunguliwa 2012 na la reli 2020, na yameokoa saa nyingi kwa wanaovuka wilaya, lakini mtu wa ndani lazima kwanza afike kwenye tuta, kwa mashua mtoni na kwa miguu kwenye mchanga, na idadi ya vivuko inabadilika mto unapohama mkondo.

Kwa hiyo usipime kutoka kijijini hadi lami moja kwa moja. Kata safari vipande: nyumbani hadi kivuko, kungoja mashua, kuvuka, kivuko cha pili kama kipo, kupanda tuta, kungoja gari. Andika dakika na nauli ya kila kipande, kiangazi na monsuni. Jedwali la sensa lina safu ya huduma ya mashua. 1 hapo haisemi mashua ina injini au inasukumwa kwa mti, wala kama inavuka baada ya giza. Kwa mama mwenye uchungu, hilo la giza ndilo la kuuliza kwanza. Gari la wagonjwa linaishia kwenye tuta.

---

MsomaJedwali:

Kijiji changu kiko nje ya tuta la mashariki, ila kile kitongoji cha ng'ambo ya kijito kina mashua msimu wa mvua. Nitakikata vipande kama ulivyosema. Mwisho: tarehe na gharama za barabara nisipozipata mtandaoni, naweza kuomba kwa sheria ya haki ya kupata habari?

---

Kalavati:

Sheria hiyo ya 2005 inampa haki raia wa India. Kama wewe si raia, mwenzako Mhindi aombe kwa jina lake. Ada kwa ofisi za serikali kuu ni rupia 10, majimbo yana kanuni zao, na jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Aombe nyaraka, asiulize "kwa nini". Kwa mfano: nakala ya kitabu cha vipimo, tarehe ya kukamilika, na kumbukumbu za ukaguzi wa miaka 5 ya matengenezo ya barabara fulani kwa jina na msimbo wake. Maswali ya sababu hurudishwa bila jibu. Barabara ya PMGSY na ya Gram Sampark zote ziko chini ya idara ya kazi za vijijini ya Bihar, hivyo ombi liende kwa ofisi ya kitengo cha wilaya. Lakini pitia bango la barabarani kwanza. Urefu, gharama, mkandarasi na tarehe mara nyingi vimeshaandikwa pale.